Mfinyanzi na Moto

Kazi njema haikosi wa kuidai, na kazi mbovu haina mwenyewe. Mtu akifaulu husema, "Nimefanya", akishindwa husema, "Imetokea." Desturi hii ni kongwe, wala si ya taifa moja. Mkulima aliyejaza ghala husifu jembe lake, na mwaka wa njaa hulaumu mawingu. Mwanafunzi aliyeshinda mtihani hutaja bidii yake, na aliyeanguka hutaja ugumu wa maswali. Kwa ulimi mmoja twajipa heshima yote ya mema, na kwa ulimi uo huo twajivua lawama yote ya mabaya. Je, hii ni haki? Ikiwa jambo limetendwa na mtu pamoja na vitu asivyovitawala, ni kiasi gani cha sifa kilicho chake, na ni kiasi gani cha lawama?

Swali kama hili halijibiwi vizuri hewani. Lataka mfano wa kushikika. Mimi nimechagua mfano wa udongo, na sababu yangu ni hii. Katika kazi nyingi fundi hukaa na kazi yake mpaka mwisho. Seremala huuona ubao hadi umelainika. Mshonaji hukata uzi wa mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Mfinyanzi hakupewa bahati hiyo. Kazi yake inapokaribia kutimia, huitia motoni, akaziba mlango, akangoja. Nusu ya kazi ni yake. Nusu ya pili ameikabidhi kwa mwenzi asiyesikia amri.

Pahali ambapo ushirika huu wa mtu na moto umefikiriwa sana ni Japani. Katika karne ya 5 mafundi kutoka Korea walifikisha huko namna mpya ya tanuru. Lilikuwa refu kama handaki, limejengwa katika ubavu wa kilima, kinywa chake chini na tundu la moshi juu. Wajapani huliita anagama, maana yake tanuru la pango. Moto uliwashwa kinywani, nao kwa tabia yake ya kupenda kupanda ukapita katikati ya vyungu vyote hadi juu. Humo joto lilizidi nyuzi 1,000 za sentigredi, na udongo ukatoka mgumu kama jiwe. Kwa njia hii, na kwa matanuru mengine yaliyozaliwa na hili, palikua miji ya ufinyanzi ambayo kazi yake haijakatika tangu zama za kati. Sita kati yake ina sifa kuu: Seto, Tokoname, Echizen, Shigaraki, Tamba na Bizen. Mwaka 2017 miji hiyo sita ilitiwa pamoja katika orodha ya urithi wa Japani.

Mafundi wa kale waliona katika matanuru hayo jambo ambalo hawakulitafuta. Vyungu vilivyokaa karibu na moto vilitoka vimevaa utando wa kioo mabegani, wa rangi ya kijani, laini na wenye kung'aa, hali hakuna mtu aliyevipaka kitu. Utando huo ulitoka wapi? Ulitoka katika kuni. Kuni zikiungua kwa nguvu, majivu huchukuliwa na mkondo wa moto, yakaruka ndani ya tanuru, yakatua juu ya vyungu kama vumbi la njiani linavyotua juu ya majani. Majivu ya mti yana chokaa na chumvi. Bibi zetu wa magharibi ya Kenya, wanaochuja majivu ya mimea ili kupata chumvi ya kupikia mboga, walilijua hilo bila kufundishwa darasani. Udongo nao una madini yawezayo kugeuka kioo. Joto likifika nyuzi 1,200 na zaidi, chokaa na chumvi ya majivu huyafanya madini yale yayeyuke upesi, vikachanganyika, vikatiririka, na vikipoa vikawa kioo. Chuma kidogo kilichomo ndicho kitiacho rangi. Hewa ikiwa haba tanuruni, kioo huwa kijani. Hewa ikiwa tele, huelekea manjano au kahawia.

Kila mji una neema yake. Katika Shigaraki, majivu yaliyoyeyuka hukusanyika yakawa tone la kijani, nalo huitwa jicho la kereng'ende. Kioo hicho chenyewe huitwa bidoro, neno walilolipata kwa Wareno, waliofika Japani mwaka 1543. Nao ni watu wale wale walioacha katika Kiswahili chetu maneno meza, leso na bendera. Katika Bizen, madoadoa madogo ya majivu yaliyogandama juu ya chungu huitwa ufuta, maana yafanana na mbegu hizo zilizomwagwa. Huko huko Bizen, vyombo vilivyopangwa pamoja vilitenganishwa kwa majani makavu ya mpunga, ili visigandane. Kusudi lilikuwa dogo na la nyumbani. Lakini tanuru lilipofunguliwa, kila jani lilipogusa palikuwa na mstari mwekundu kama mshipi wa moto, kwa kuwa chumvi ya majani ilikutana na chuma cha udongo. Kilichowekwa kwa ajili ya kinga kikazaa pambo.

Sasa tulirudie swali letu. Hapa pana mtungi mzuri. Watu wanauzunguka, wanausifu. Uzuri wao wanaousifu uko katika kioo kile cha kijani kilichotiririka begani, na mkono wa mtu haukukitia. Sifa ni ya nani?

Wako watakaosema kuwa sifa yote ni ya moto, na mtu hana lake. Kauli hii yaonekana kuwa ya unyenyekevu, na kwa hiyo hupendwa. Lakini haina kweli ya kutosha. Moto ule ule huunguza msitu, na msituni hatuokoti mitungi. Fikiri kwanza yale yanayoutangulia moto. Fundi wa Bizen hutafuta udongo mzito ulio chini ya mashamba ya mpunga, akauacha ulale, akauondoa mawe na mizizi, akaukanda. Akikosea hapo, chombo kitapasuka. Kisha huvifinyanga vyombo vyake na kuvikausha taratibu. Kisha huvipanga tanuruni, kimoja baada ya kimoja, akifikiri moto utapita wapi, majivu yataanguka wapi, na chombo gani kitamkinga mwenziwe. Kisha huwasha moto kwa kuni za msonobari mwekundu, ambazo mwali wake ni mrefu, akaulisha mchana na usiku kwa siku 10 na zaidi. Akiongeza joto kwa pupa, vyombo hupasuka. Akilala, joto huanguka. Moto ukizimwa, hungoja siku nyingine nyingi mpaka tanuru lipoe. Wafinyanzi wengi wa namna hii huchoma mara moja au mbili tu kwa mwaka. Kwa hiyo aliyesimama mbele ya kinywa cha tanuru ameshika nusu mwaka ya maisha yake, na pengine chakula cha watoto wake. Mtu huyu hawezi kuambiwa kuwa hakufanya kitu.

Tena uko ushahidi wa mtu mmoja. Ufinyanzi wa Bizen ulikuwa umefifia, na uzuri wa vyombo vya kale ulikuwa kama siri iliyozikwa pamoja na wenyewe. Kaneshige Toyo, aliyezaliwa mwaka 1896, alijishughulisha kuuchunguza udongo, upangaji wa tanuru na ulishaji wa moto, mpaka akarudisha katika vyombo vyake rangi za wazee wale. Mwaka 1956 serikali ya nchi yake ilimpa heshima iitwayo hazina hai ya taifa. Ikiwa uzuri ule ulikuwa bahati tupu, mbona ulififia elimu ilipofifia, na ukarudi elimu iliporudi? Bahati haichunguzwi ikarudi. Elimu ndiyo hurudi.

Wako wengine watakaochukua hoja hii wakavuka mpaka. Watasema, basi sifa yote ni ya mfinyanzi. Moto ni chombo chake tu, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Nao pia wamekosea, na hoja ya kuwajibu imo ndani ya tanuru. Chukua mitungi miwili. Mfinyanzi ni mmoja, udongo ni mmoja, wiki ni moja, moto ni mmoja. Mmoja umekaa mbele, mwingine umekaa nyuma ya mwenzake kwa upana wa kiganja. Siku ya kufungua, wa kwanza umevaa kioo kama nguo ya arusi, na wa pili umetoka mkavu, rangi ya vumbi. Ikiwa sifa yote ya ule wa kwanza ni ya bidii ya mfinyanzi, mbona bidii iyo hiyo haikuupamba wa pili? Palikuwa na jambo kati yao ambalo yeye hakuliamuru.

Mabingwa wakubwa waliliungama jambo hili kwa matendo. Hamada Shoji, aliyeishi kutoka 1894 mpaka 1978, na aliyejulikana duniani kwa vyombo vyake vya Mashiko, aliacha kutia jina lake juu ya kazi zake. Kawai Kanjiro wa Kyoto, aliyefariki mwaka 1966, naye hakutia jina, na aliikataa heshima ile ya hazina hai ya taifa alipotakiwa kuipokea. Watu hawa hawakuwa wajinga wa thamani yao. Walijua kazi waliyoifanya. Walijua pia kuwa udongo, maji, kuni, moto, na mafundi wengi wasiotajwa waliowatangulia walikuwa na fungu lao. Jina moja chini ya chombo lingekuwa dai kubwa kuliko haki yao.

Basi kweli iko katikati, lakini si katikati ya mtu mvivu anayekata kila kitu nusu kwa nusu. Ni hii: matayarisho ni ya mtu, na matokeo ni ya ushirika. Mfinyanzi hawezi kuyaamuru majivu yatue. Aweza kuweka begani mwa mtungi mahali ambapo yakitua patapendeza. Neema haiji kwa sababu ameiandalia. Lakini ikija kwa asiyeandaa, haina pa kukaa. Kwa hiyo sifa yake ya haki ni kwa yale aliyoyafanya kabla ya mlango kuzibwa, na kwa kukesha kwake. Yaliyozidi hayo ni zawadi, na zawadi haijivuniwi. Zawadi hushukuriwa.

Hapa lazima nisikilize pingamizi moja, maana ni nzito. Mtu aweza kusema, "Mafundisho haya yatamharibu fundi. Akijua kuwa moto una fungu lake, kila kasoro atausingizia moto. Mtungi uliopinda ataita uzuri, na mtungi uliopasuka ataita neema." Na kweli, katika Tokyo, kwenye jumba la makumbusho liitwalo Gotoh, limehifadhiwa jagi la maji la kutumiwa katika sherehe ya chai, kazi ya Iga, jirani ya Shigaraki, iliyofanywa miaka mia nne hivi iliyopita. Moto uliliinamisha na kulipasua. Jina lake ni Yaburebukuro, maana yake mfuko uliopasuka. Halikutupwa, bali limewekwa miongoni mwa mali zenye thamani kuu za utamaduni wa taifa. Je, hii si kuliita kosa jema?

Nakiri kuwa hatari ipo. Lakini tazama kwamba jagi lile ni mashuhuri kwa kuwa ni moja. Kando ya matanuru ya kale hulala vilima vya magae: vyombo vilivyovunjika, vilivyogandana, vilivyopinda, ambavyo mafundi wenyewe walivitupa. Siku ya kufungua tanuru mfinyanzi mwaminifu hugeuka hakimu, na wa kwanza kuhukumiwa ni yeye. Kwa kila chombo hujiuliza: hapa moto ulinipa kitu ambacho sikukijua, au hapa mimi nilizembea? Ufa uliotokana na udongo usiokandwa vizuri si neema, hata ukiitwa kwa jina tamu. Mvivu hutumia neno bahati kama blanketi la kufunikia kosa. Mwaminifu hulitumia baada tu ya kuhesabu makosa yake yote. Maneno yao ni mamoja, mioyo yao ni mbalimbali. Kwa hiyo dawa ya hatari hii si kuukana mchango wa moto, bali ni kusema kweli siku ya hukumu.

Tena mwaminifu hapati hukumu tu; hupata elimu. Mafundi walipouona utando ule uliokuja wenyewe, hawakukaa wakiungojea kama mtu angojaye embe lianguke. Waliyachukua majivu, wakayachanganya kwa maji, wakavipaka vyombo vyao kabla ya kuvichoma, na vikatoka na kioo kila pahali walipotaka. Ajali iliyoangaliwa kwa makini iligeuka ufundi. Aliyedai kuwa utando wa kwanza ni kazi yake asingeuchunguza, maana mtu hachunguzi anachojiona amekwisha kukijua. Aliyesema kuwa ni majaliwa tu asingeuchunguza pia. Aliyechunguza ni yule aliyesema, "Sikulifanya mimi, nani basi alilifanya, na kwa njia gani?" Unyenyekevu wa namna hiyo ni mlango wa elimu.

Msomaji kijana, sasa yaelekee maisha yako mwenyewe. Kila mmoja wetu amekaa mahali fulani katika tanuru. Yuko aliyezaliwa penye vitabu, taa na chakula cha jioni. Yuko aliyezaliwa nyuma, ambako majivu hayafiki. Watahiniwa wawili wamekesha usiku sawa na wametoa jasho sawa, na mmoja ameng'aa kuliko mwenzake. Akisema yule wa kwanza kuwa mng'ao wote ni wake, amesema uongo kama mtungi wa mbele unaomcheka mtungi wa nyuma. Akisema yule wa pili kuwa hana thamani, amejidhulumu. Udongo wake ni ule ule.

Lakini mfano huu una mwisho wake, na si vema kuusukuma kupita hapo. Mtungi hauna miguu, mtu anayo. Mtungi haujui mahali ulipokaa; mtu anajua, na kujua huko kwamtia wajibu. Tena mtungi haupangi tanuru, na sisi tunapanga. Jambo hili ndilo zito kuliko yote niliyoyasema. Mahali pa vyombo tanuruni hapakuchaguliwa na moto. Palichaguliwa na mkono. Kijana asomaye leo atakuwa kesho mzazi, mwalimu, diwani au hakimu, na ataamua nani akae karibu na moto na nani akae nyuma. Siku hiyo akisema, "Walioshindwa walishindwa kwa uvivu wao," na huku ni yeye aliyewaweka pasipofika joto, atakuwa amevunja haki mara mbili: kwanza kwa kupanga, pili kwa kulaumu. Anayekubali kuwa mafanikio yake yana fungu la zawadi hana budi kujali zawadi hiyo inamfikia nani mwingine.

Wala haitupasi kwenda Japani ili kuyaona haya kwa macho. Vyungu vya mama zetu vilivyochomwa uwanjani kwa nyasi na kuni vina doa jeusi mahali moshi ulipovizonga, na hakuna vyungu viwili vyenye doa moja. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kujulikana ulimwenguni kwa ufinyanzi wake, hatumii utando wa kioo kabisa. Vyombo vyake husuguliwa mpaka vikalainika, na moto humaliza: penye hewa nyingi hutoka vyekundu, penye moshi na hewa haba hutoka vyeusi. Udongo ni ule ule. Hewa ndiyo imebadilika. Mkono wake umefanya kazi kubwa, nao moto umefanya kazi yake.

Methali yetu husema kuwa mfinyanzi hulia gaeni. Aghalabu twaitaja kwa kumsikitikia, kwamba atengenezaye vyombo vya watu hana chombo chake. Mimi naiona heshima ndani yake. Chombo kizuri amekitoa kwa wengine, wala hakuandika jina. Gae amelibakiza mezani mwake, ili kila alapo alione kosa lake na kulikumbuka. Mtu wa namna hiyo amelipindua lile neno tulilolianza nalo. Kazi yake ikitoka njema husema, "Tulisaidiwa." Ikitoka mbovu husema, "Nilikosea, nitakanda tena." Na kabla jua halijachwa, udongo u mikononi mwake.